Maoni ya Bibi Mwanaidi Niliyoyakunja Bila Kumsomea

Anzeni kwa kuniamkia. Najua, najua: nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu, na ninyi wa kidato cha kwanza mnaniona kila asubuhi nikiingia mstarini bendera imeshafika juu, shati halijachomekewa, mwalimu wa zamu ananitolea macho. Lakini mstaafu ni mstaafu. Nilianza kazi nikiwa darasa la sita, nimeiacha mwaka huu, na kiinua mgongo changu ni jalada moja la buluu pamoja na doa la wino kwenye kidole cha kati ambalo halitoki hata kwa jiwe la kusugulia visigino. Basi shikamoo zenu nimezipokea. Marahaba. Kaeni.

Naandika haya kwa sababu watatu kati yenu mmenifuata nyuma ya jiko la shule mkitaka niwafundishe kazi ya kuandikia watu barua. Mnadhani ni kazi ya kukaa. Ni kweli, ni ya kukaa, mpaka makalio yanasahau kwamba ni yako. Zaidi ya hapo hamjui kitu, na mimi nilikuwa kama ninyi, ila mimi nilikuwa na mdomo zaidi.

Meza yangu ilikuwa pale Manundu, kwenye baraza ya Mtaa wa Maduka. Ninyi mnaoujua mtaa ulivyo sasa, jengo moja refu jeupe kama jeneza la jitu, mtanisamehe, mtaa hamuujui. Zamani yalikuwa maduka saba yamebanana, mabati yameshika kutu, na mbele yake baraza moja ndefu yenye nguzo za mbao, inaanzia kwa mwuza nyama inaishia kwenye duka la Kantibhai, Mhindi wetu. Mchana wote ulikuwa unaweza kutembea kivulini kutoka mwanzo hadi mwisho bila jua kukugusa, ukiruka miguu ya mafundi cherehani. Asiyejua kuandika alikuja mezani kwangu, akasema ya moyoni mwake, mimi nikayaandika. Basi. Kazi yenyewe ndiyo hiyo, na ndiyo iliyonishinda.

Sikuianzisha mimi. Ilikuwa meza ya Mzee Semboja, aliyekuwa karani kwenye shamba la mkonge kabla ya Uhuru na miaka kadhaa baadaye. Macho yake yalipoanza kuingia ukungu, akawa anaandika huku anawauliza wateja, "Mstari huu nimeumaliza, au bado niko kwenye karatasi?" Mara nyingi alikuwa kwenye meza.

Alinipata kwa njia ya aibu. Nilikuwa nimeandika kwa mkaa, kwenye ukuta wa mwuza nyama, maneno ambayo sitayarudia hapa. Yalihusu mifupa yake, mizani yake na mama yake. Mwuza nyama alinikamata, akawa ananichapa kwa mkanda mbele ya watu. Mzee Semboja akaja akipapasa, akausogelea ukuta mpaka pua ikagusa, akasoma tusi lote taratibu, kisha akasema, "Mchape, ana haki ya kuchapwa. Lakini usimguse mkono wa kulia. Huu ni mwandiko."

Kesho yake nikakaa kwenye kigoda pembeni yake.

Mzee yule alikuwa na taratibu zake na hakuzitaja kwa mpangilio. Zilimtoka kadiri nilivyokosea. Kalamu inakung'utwa nje ya baraza, si kwenye kanzu ya mteja. Usimwulize mtu "halafu?" maana ukimwuliza atatunga, kaa kimya, ataendelea mwenyewe. Mteja akianza kulia, wewe safisha ncha ya kalamu, safisha hata kama ni safi, mpaka amalize. Kila barua iwekewe karatasi ya kaboni chini, nakala ibaki kwenye jalada, kwa sababu mtu atarudi baada ya miezi sita akuulize, "Hivi shemeji nilimwambia nini?" na wewe ndiye mwenye kumbukumbu zake. Na kubwa kuliko zote: kabla hujakunja karatasi, unamsomea mwenyewe yote, kuanzia salamu.

"Barua ambayo mwenyewe hajasomewa si barua," alikuwa akisema. "Ni umbea wenye stempu."

Nilikosea sana. Siku moja nilikuwa na barua mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa ya kijana wa Magoma anayeposa, kwenda kwa baba wa binti huko Handeni. Ya pili ya mzee mmoja aliyeuziwa mbuzi mbovu, kwenda kwa mwuzaji, naye yuko Handeni hukohuko. Nikachanganya bahasha. Baba wa binti akaandikiwa: "Yule uliyenipa hali majani na anapiga kelele usiku kucha. Jumamosi namrudisha, nami nitachagua mwingine mwenyewe zizini." Mwenye mbuzi naye akasoma kwamba kuna kijana mwenye adabu anataka kuingia katika ukoo wake. Kijana wa Magoma alikuja na fimbo. Nilijificha chini ya cherehani, Mzee Semboja akamtuliza, na mwishowe wakaoana. Lakini nasikia mpaka leo mkwe wake akimwona humwuliza kama majani yapo ya kutosha.

Mnacheka. Na mimi nilicheka. Nikajifunza jambo baya kutokana na kosa lile: kwamba barua ikichekesha, mwandishi anasamehewa.

Sasa, mtaa. Ilitangazwa kwamba maduka yale saba yatabomolewa, lijengwe jengo jipya la ushirika, duka moja la wote, na barabara ipanuliwe. Mchoro ukabandikwa ofisini kwa kamati, umepakwa rangi kwa penseli. Ulikuwa mzuri. Kulikuwa na watu wanatembea ndani yake, wamevaa suruali za bugaluu, hakuna hata mmoja aliyebeba kitu kichwani. Baraza haikuwemo.

Katibu wa kamati, ndugu mmoja mwenye sauti ya redio, akasema kila mwananchi atoe maoni, na maoni yawe ya maandishi, kwa sababu mkutano wa mdomo uliotangulia uliishia kwa fundi mmoja kumtupia mwenzake pasi. Likawekwa sanduku la mbao lenye tundu, kwa muda wa wiki moja. Jumapili yasomwe yote mbele ya watu, kamati iamue.

Nusu ya mtaa haikujua kuandika. Mnaona ilivyokuwa? Wiki ile nilikuwa mtu mkubwa kuliko katibu.

Walikuja. Mwuza nyama alisema: "Andika wabomoe hata leo, ila waanzie upande wa mafundi, tuone kwanza." Akinamama wa ndizi kutoka Kwashemshi walikuja wanne kwa pamoja, wakasema kwa zamu, hawataki mchoro, wanataka choo. Fundi cherehani alisema cherehani haijazaliwa kushonea juani. Mzee mmoja wa Magoma alisema, "Mtaa si wangu, huwa nanunua chumvi nikaenda zangu. Lakini niandikie, na mimi nionekane nimesema." Kantibhai mwenyewe alikuja, ingawa anajua kuandika, alisema mkono wake unatetemeka. Maoni yake yalikuwa mstari mmoja: kwamba amezaliwa chumba cha nyuma cha duka lile, na anaomba aruhusiwe kuuza ndani ya jengo jipya, hata kama ni kuajiriwa. Nilimwangalia. Alikuwa anaangalia nguzo.

Hao wote niliwasomea. Ila wale akinamama wa ndizi niliwaongezea kidogo. Niliandika: "Tunaomba choo, maana tumebana tangu Kwashemshi." Katibu alichungulia sanduku siku ya Alhamisi, akaisoma ile pale barazani kwa sauti yake ya redio, watu wakaanguka chini. Akinamama wenyewe walicheka mpaka wakashikana. Katibu akanipiga begani. "Kijana, una kalamu wewe!"

Ninyi mmewahi kuchekwa na mtaa mzima kwa wema? Si kuchekwa suruali imechanika. Namaanisha watu wazima, wenye ndevu, wanafuta machozi kwa ajili ya sentensi yako. Inakaa kifuani kama soda. Kuanzia Alhamisi ile kila aliyekaa mbele yangu nilimtazama kama mtu anayetazama kuku: nitatoa nini hapa?

Bibi Mwanaidi alikuja Jumamosi alasiri, siku ya mwisho.

Huyu bibi hakuwa na duka wala genge. Mwenyeji wa Handeni, anakaa Manundu kwa dada yake, mfupi, kaniki yake imefifia imekuwa rangi ya jivu. Kitu chake mtaani kilikuwa mtungi. Mtungi wa udongo uliokaa kwenye kigoda cha mbao barazani, chini ya nguzo ya pili ukitokea kwa Kantibhai, wenye kifuniko cha kibati na kopo limefungwa kwa kamba. Kila asubuhi alikuja na ndoo kichwani, akamwaga maji ya jana, akajaza mapya. Aliyekuwa na kiu alikunywa. Watu wa ndizi wakishuka mlimani walikunywa, Wamasai walikunywa, mimi nilikunywa miaka mitatu na siku moja nilimtia chura humo nione fundi atafanya nini. Sikuwahi kujiuliza kwa nini mtungi upo. Ulikuwepo tu, kama nguzo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimechelewa?"

"Sanduku linafungwa saa kumi, Bibi. Sema haraka."

Akakaa. Akatandaza mikono magotini. Tena siku ile uwanjani kulikuwa na mpira, Manundu wanacheza na timu ya shamba la mkonge, na kutoka pale nilisikia filimbi.

Alisema hivi, na ninayakumbuka yote, kwa sababu kuyakumbuka ndiyo adhabu yangu:

"Andika kwamba mimi sikatai. Wajenge, saruji ni nzuri. Lakini mtungi wangu usiondolewe pale ulipo. Si karibu na pale, pale penyewe. Mtoto wangu Athumani tulimleta kutoka Handeni anaumwa, kwenye lori la mahindi. Lori likatushusha hapa, tungoje gari la kwenda hospitali. Nilimlaza chini ya nguzo ile, kichwa kimeelekea mlango wa Mhindi. Ilikuwa Ijumaa, wanaume wako msikitini, Mhindi amefunga duka anakula, maduka yote kimya. Akaniambia, mama, maji. Nikagonga mlango huu, nikagonga ule. Nilikwenda mpaka nyumba za nyuma. Nikapewa kwenye kopo, nikarudi nakimbia, nusu yamenimwagikia. Maji niliyapata, mjukuu. Yeye sikumkuta."

Akageuka, akautazama mtungi.

"Kwa hiyo ile ni sadaka yake. Anayekunywa pale, Athumani anapata. Sasa wakiuhamisha, atapata wapi? Waambie wajenge, lakini waniachie pale, hata kama ni ndani ya ukuta, hata kama ni tundu tu la kuingia mtungi. Nguzo ya pili. Umeandika?"

Ningewaambia kwamba sikusikia, mngeniamini. Nilisikia. Hata kalamu nilianza kuisafisha, kama nilivyofundishwa. Lakini kichwani nilikuwa nimeshaandika kabla hajafika kwa Athumani. Aliposema tu "mtungi wangu usiondolewe," kichekesho kilikuja chenyewe, kizima, kinang'aa, na kila alichosema baadaye kilikuwa kinanichelewesha. Na filimbi ilikuwa inalia. Na nilijiambia, hadithi hii ni ndefu, katibu hatasoma ndefu, fupi ya kuchekesha itasikika zaidi, nitamsaidia. Ndivyo nilivyojiambia. Mtu anayetaka kufanya ujinga hakosi sababu yenye adabu.

Nikaandika mistari mitatu.

"Nimeandika, Bibi."

"Hebu nisomee."

"Bibi, sanduku!"

Nikakunja.

Alinyanyuka, akaenda kwenye mtungi, akaniletea kopo la maji. "Umesema na mtu mzee mchana kutwa, umekauka koo." Nikanywa. Nikatumbukiza karatasi kwenye tundu, nikakimbilia mpira. Tulifungwa.

Jumapili watu walijaa darasa la shule ya msingi mpaka madirishani. Katibu alisoma maoni moja baada ya jingine, na kamati ikaandika yaliyo na maana. Choo, kiandikwe. Kivuli cha mafundi, kitafikiriwa. Bibi Mwanaidi alikuwa amekaa kwenye dawati la mbele, dawati la watoto, magoti yamefika kifuani, amevaa kanga mpya. Alikuwa na masikio mazito kidogo, ndiyo maana alikaa mbele. Katibu akafungua karatasi yangu, akaanza kutabasamu kabla ya kusoma, nami nilipoona lile tabasamu nikajua nimefunga goli.

"'Mimi Mwanaidi,'" akasoma, "'naomba mtungi wangu upandishwe cheo uwe Mkurugenzi wa Maji, Mtaa wa Maduka. Upewe nyumba ya serikali, na kopo liwe karani wake. Mkiuhamisha bila barua, utajiuzulu na kuondoka na chura wake.'"

Darasa lilipasuka. Mwuza nyama alipiga dawati. Watu wa dirishani walikuwa wanawasimulia wa nje, na wa nje wakacheka mara ya pili. Bibi Mwanaidi aliangalia huku na huku. Akamwuliza jirani yake, "Ni yangu hiyo?" Jirani, machozi yakimtoka kwa kicheko, akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Basi bibi naye akatabasamu. Aliona watu wote wamefurahi, akadhani wamekubali.

Kisha akasimama, taratibu, dawati limemng'ang'ania. "Na nguzo ni ya pili," alisema.

"Bibi, tumekusikia!" katibu akajibu. "Mkurugenzi ameshapata kazi!"

Wakacheka tena. Akakaa.

Mtu mmoja hakucheka. Kantibhai alisimama kule nyuma. "Ndugu Katibu, naomba. Ule mtungi, mimi najua habari yake. Siku ile mimi nilikuwa ndani, nilikuwa nakula, nilisikia mlango..."

"Aah, huyo anatetea duka lake!" mtu akapiga kelele.

"Hapana, si duka, huyu mama..."

"Kaa chini, Mzee Kanti! Zamu yako imeshapita!"

Nilikuwa mita mbili kutoka kwake. Mimi peke yangu, katika watu wote wale, nilijua anataka kusema nini. Ningeweza kusimama nikasema: ndugu zangu, hayo ni maneno yangu, bibi alisema mengine. Lakini watu walikuwa bado wananigeukia na kunionyesha dole gumba. Kantibhai akakaa. Katibu akafungua karatasi nyingine.

Walibomoa baada ya mavuno. Walianza asubuhi, na kufikia mchana nguzo zilikuwa zimelala barabarani kama watu waliochoka. Mtungi hawakuuvunja, nisiwasingizie. Waliuweka pembeni vizuri, juu ya tofali, hata kopo lake walilifunga tena. Mmoja wao alisema, "Huyu ni mkurugenzi, mbebeni kwa heshima."

Bibi Mwanaidi alikuja kesho yake na ndoo kichwani kama kawaida. Mimi nilikuwa naokota vipande vya meza yangu. Alisimama kwenye kile kiwanja cha vumbi, ndoo haijatikisika. Akatembea hatua kadhaa, akasimama. Akarudi. Akajaribu kuanzia upande mwingine. Alikuwa anatafuta pa kuanzia kuhesabu, na hakukuwa na nguzo, wala mlango, wala ukuta, kila upande ulikuwa sawa.

"Mjukuu," akaniita. "Mlango wa Mhindi ulikuwa hapa, au pale?"

Miaka mitatu nimekaa kwenye baraza ile kila siku baada ya shule. Nikatazama. Nikanyoosha kidole, nikakishusha.

"Sijui, Bibi."

Alitua ndoo. Hakulia; angelia ningesafisha kalamu, ningejua la kufanya. Alikaa chini vumbini, akawa anasawazisha mchanga kwa kiganja, hapa kidogo, na pale kidogo, kana kwamba anatandika.

Kazi yangu haikufa siku ile. Jengo lilipokwisha nilihamishia meza ubavuni mwa ukuta, kwenye kivuli cha nusu siku. Kantibhai hakuajiriwa, alihamia kwa mwanawe Tanga, na siku ya kuondoka alikuja akakunywa maji kwenye mtungi, makopo mawili, la pili akalinywa amefumba macho. Mtungi ulikuwa nyuma, karibu na choo cha akinamama wa ndizi, ambacho kilijengwa. Na duka la ushirika lilikuwa na rafu nzuri ndefu, na mara nyingi sabuni ilikuwa imekwenda na chumvi haijafika.

Kilichoiua kazi ni kisomo. Mnakumbuka wazee wetu walivyojazana madarasani alasiri, kila mmoja na ubao na chaki? Wateja wangu walipungua mmoja mmoja. Kijana wa Magoma akaanza kumwandikia mkwewe mwenyewe. Mwuza nyama akajua kusoma, na akalisoma tusi langu la zamani, kivuli chake kilikuwa bado kwenye mbao za ukuta wa zamani alizojengea bucha mpya, akanitafuta upya. Nilisema sawa, nchi inaendelea, mimi narudi nyuma. Nilikuwa bado nafanya utani, mnaona. Mpaka Bibi Mwanaidi alipokuja.

Mzee Semboja alikuwa amekaa nami siku ile, macho yameshafunga kabisa, anakuja tu kusikiliza sauti ya kalamu. Bibi akaamkiana naye, wakaulizana hali, ya nyumbani, ya mvua. Kisha akasema:

"Mjukuu, sasa nasoma. Nimeambiwa unaweka nakala. Nataka nisome maneno ya mwanangu."

Nilisema, "Bibi, zile za zamani, sijui kama..."

"Jalada la buluu," Mzee Semboja akasema. "Mpe."

Nikampa. Kaboni ilikuwa imechoka, maandishi yamefifia. Aliiweka karatasi mezani, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akaanza kusoma kwa sauti, kama walivyofundishwa, silabi kwa silabi. Mi-mi. Mwa-na-i-di. Alilifurahia jina lake, akalirudia. Na-o-mba. Mtu-ngi. Wa-ngu. Akafika kwenye Mkurugenzi. Ni neno refu kwa mtu aliyeanza kusoma juzi. Alilijaribu mara tatu. Nilitamani nimsaidie na nilitamani ardhi ipasuke. Alisoma mpaka mwisho, mpaka kwenye chura. Ilichukua muda mrefu kuliko aliotumia kunisimulia.

Kisha akaigeuza karatasi, akatazama nyuma.

Nyuma ilikuwa nyeupe.

"Labda iko karatasi nyingine," alisema. "Hii haina Athumani."

Mzee Semboja aligeuza uso wake upande wangu. Kipofu akikutazama unatazamwa kweli. "Ulimsomea?" akauliza.

"Hapana, Mzee."

Mzee akapapasa mezani, akaichukua kalamu, akaifuta ncha kwa upindo wa shati lake, polepole, akaifuta na kuifuta. Bibi Mwanaidi akanyoosha mkono, akamgusa. Mzee akampa kalamu yeye, si mimi.

Bibi aliandika mpaka kivuli kikatuishia. Herufi zake zilikuwa kubwa, nyingine zimeegemeana kama wazee. Alipomaliza alinisogezea karatasi.

"Nisomee," alisema. "Usiongeze."

Nikasoma. Yalikuwa maneno haya: "Athumani alitaka maji. Nilichelewa. Mtungi ni wake. Nguzo ya pili. Mama yake, Mwanaidi."

"Ndivyo nilivyoandika?"

"Ndivyo, Bibi."

"Sanduku liko wapi?"

Sanduku lilikuwa ndani ya duka la ushirika, wanawekea misumari. Sikumwambia. Nilisema nitaihifadhi, nikaiweka kwenye jalada la buluu juu ya zote, na tangu siku ile sijaandikia mtu barua. Msinifuate tena nyuma ya jiko. Mkitaka kazi, jifunzeni kwa Mzee Semboja, ana mdomo wa kutosha hata bila macho.

Mwaka huu Bibi Mwanaidi miguu imevimba, ndoo haiwezi tena. Mtungi uko palepale pasipo penyewe, nyuma, karibu na choo, na bomba liko mbali kuliko mnavyofikiri, na asubuhi kuna foleni. Kwa hiyo mwalimu wa zamu akiuliza tena kwa nini nachelewa mstari, naomba mmoja wenu amjibu kwa niaba yangu, maana mimi nikijibu atadhani natania. Mwambieni nilikuwa nachota maji. Mwambieni hivyo hivyo. Msiongeze neno.